Mstari Nyuma ya Kiti cha Dereva

Mume wangu alifanya kazi ya kuchora mistari barabarani tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Ile mistari myeupe katikati ya lami, vile vivuko vya milia, ile mishale ya kukuelekeza kushoto na kulia, watu hudhani imeota yenyewe kama nyasi. Haikuota. Kuna mtu aliyeisukuma mashine ya rangi kwa mwendo wa miguu, jua la utosi, huku madereva wakimpigia honi na kumtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mtu huyo ndiye ninayempikia chai kila asubuhi. Mtaani wanamwita Mistari. Mimi namwita hivyo nikiwa nimemkasirikia; nikiwa na furaha namwita Mzee.

Kazi hiyo ilimharibu kidogo. Hawezi kuona kitu kimekaa hovyo akanyamaza. Viatu mlangoni kwetu vina mstari wake, ndoo zina mstari wake, na wajukuu wakija wanajua kabisa kwamba baiskeli ikilala nje ya mstari babu atawasomea sheria za barabarani mpaka chakula kipoe. Lakini kazi ilimwachia pia kiu moja ambayo nilikuwa naihurumia. Alizijua barabara kwa nyayo zake, ila kila alipomaliza kipande alichopangiwa, lori la kazi lilimrudisha alikotoka. "Nimewachorea watu njia," huniambia, "wamepita wao."

Barabara yake ya mwisho ilikuwa ile inayopanda milimani. Aliichora mpaka kwenye kona yenye jiwe kubwa, na hapo sehemu ya kikosi chake ikaishia, kikosi kingine kikaanzia upande wa pili. Akastaafu hajui nyuma ya lile jiwe kuna nini. Kona hiyo nimeisikia kuliko ninavyoyasikia majina ya wajukuu zangu.

Basi alipostaafu akanunua gari kuukuu la kusambaza mikate, lile refu lililosimama kama kabati, lenye mlango wa kusukuma ubavuni. Nilidhani amechanganyikiwa. Akamleta seremala, wakagonga wee mpaka majirani wakachoka kuulizana. Kitanda kikapatikana kwa nyuma, chini yake droo, pembeni meza ya kukunja, jiko dogo la gesi, beseni lenye bomba, na tangi la maji. Mimi nikashona mapazia na foronya. Harufu ya mkate haikutoka kamwe. Jua likiliwakia, gari zima linanukia kama limetoka kwenye tanuri sasa hivi, na ndiyo sababu tuliliita Mkate.

Tulishakwenda nalo ziwani, na kwa binti yetu, na mahali pengine ambapo hapakuwa na chochote ila tulipapenda. Wageni wakija huuliza habari za safari hizo. Hakuna anayeuliza gari la namna hiyo hukaa wapi likiwa halisafiri, na hilo ndilo jambo ninaloweza kulisimulia mpaka kesho. Linakaa uani kwangu, pale nilipokuwa naanika nguo.

Mistari alilichorea eneo lake kwenye sakafu ya ua, pande zote nne, rangi ileile ya barabarani inayong'aa ukiimulika. Mbele yake akachora mshale unaoelekea getini, kana kwamba tungeweza kusahau geti liko wapi. Na kwa kuwa kamba ya nguo ilihamishiwa upande wa pili, akanichorea kivuko cha milia kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye kamba. Ole wangu nikatize pembeni na beseni langu la nguo! Kuku ndio pekee waliosamehewa.

Kulihifadhi gari lenyewe ilikuwa kazi rasmi. Tukirudi tu safari, hata viatu hajavua, anafungulia maji yote yatoke tangini na kwenye mabomba yasije yakavunda. Analisimamisha godoro lipumue. Anaacha kijifriji wazi, kitambaa kimebana mlangoni. Anachomoa betri, anaziba bomba la moshi kwa matambara panya wasije wakapanga humo, kisha anafunika turubai na kulifunga kamba vizuri kuliko alivyowahi kumfunga mtoto nepi. Halafu kila Jumamosi anafunua, anachomoa matambara, anaunganisha betri, anawasha, anasogea mbele kidogo na kurudi nyuma. Tairi likikaa mahali pamoja, anasema, linaota makalio. Alilisema hilo mara ya kwanza huku akimtazama kaka yangu, ambaye alikuwa amejilaza kwenye kochi letu tangu asubuhi.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi, mimi, Mistari na Mkate, mpaka mama yangu alipokuja kukaa nasi.

Mama alikuwa mkata tiketi kwenye kituo cha mabasi. Maisha yake ya kazi yote aliyapitisha nyuma ya kidirisha chenye kitobo, akitaja majina ya miji, akikata tiketi, na kumwambia kila abiria "Safari njema." Hata leo ukimtajia mji wowote atakwambia basi lake lilikuwa linaondoka saa ngapi na lilikuwa linachelewa kwa kiasi gani. Magoti yakaanza kumsumbua, ngazi za kwake zikawa adui, tukamleta kwetu tukampa chumba cha binti yetu. Ni chumba kizuri. Tatizo ni kwamba kimepakana na sebule, na sebuleni hushinda wajukuu wakija, na wajukuu wana televisheni.

Siku moja baada ya chakula cha mchana nikamtafuta nisimwone. Chumbani hayupo, bafuni hayupo, kwa jirani hayupo. Nikazunguka nyumba nikiita, mwishowe nikaona turubai la Mkate limeinuliwa upande mmoja na kandambili zake zimepangwa chini, ndani ya mstari. Nikachungulia. Mama alikuwa amelilaza godoro, amelala fofofo, mkoba wake chini ya kichwa.

"Humu kuna hewa," alisema alipoamka. "Na kunanukia vizuri."

Kesho yake alichukua blanketi. Keshokutwa redio. Kabla ya Jumamosi alikuwa ameshahamisha picha ya marehemu baba, kigoda chake, na kikombe chake ambacho hataki mtu mwingine akinywee. Mchana alikuwa anafunua turubai la mbele, anahamia kwenye kiti kilicho kando ya dereva, mkoba umemkaa mapajani, macho kwenye geti. Nilifurahi. Nikamwambia Mistari, "Umeona? Mama amepata mahali anapopapenda." Yeye akajibu "Ndiyo," akaenda kukagua ndoo.

Sikuelewa mpaka Jumamosi ilipofika. Alitoka na spana zake kama kawaida, akafika mlangoni mwa gari, akaganda. Mama alikuwa ametandika kitanda chake, mto umepambwa, khanga ya kulalia imetundikwa kwenye msumari. Mistari akageuka haraka kama aliyefungua mlango wa bafu la wanawake.

Maana hapo ndipo penye mambo. Mwanamume aliyelelewa haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali, na hakuna asiyeijua. Na Mistari siyo tu kwamba alilelewa, bali alizidisha. Yeye humsalimia Mama kwa mbali huku akitazama viatu vyake mwenyewe. La ziada lolote analipitisha kwangu, hata kama Mama amekaa pale anamsikia. "Mwambie Mama chai iko tayari." Nami namgeukia Mama: "Chai iko tayari." Naye Mama: "Mwambie mkwe wangu asante." Nimefanya kazi ya posta katika ndoa hii bila mshahara. Sasa tangu Mama alipoweka mto wake, Mkate ulikuwa chumba cha kulala cha mkwe, na mwenye gari akawa amefungiwa nje bila kufuli.

"Sasa betri, nayo iko chini ya kiti?" nikamuuliza.

"Utaunganisha wewe."

"Mimi?"

"Mimi nitakuelekeza kutoka huku."

Akasimama mbele ya boneti kama askari wa trafiki, mikono juu. Mimi nikaingia kwenye kiti cha dereva. Mama alikuwa kwenye kiti chake, na niliona amevaa viatu vya kutokea na kitambaa kipya kichwani, ila sikutia maanani, kwa sababu nilikuwa nahangaika na nyaya.

"Zungusha ufunguo!" Mistari akaita.

Nikazungusha kitu. Vifuta kioo vikaanza kucheza.

"Si hicho! Ufunguo!"

Nikabonyeza honi. Kuku wakapaa, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akatoka na kiatu mkononi kuja kuona kuna nini. Kaka yangu aliinuka kwenye kochi, jambo ambalo honi tu ndiyo imewahi kuliweza. Nikazungusha tena, injini ikakohoa, ikakohoa, ikashika. Mkate wote ukatetemeka, vikombe vikagongana kabatini. Mama akaushika mkoba kwa mikono miwili, uso umemchanua kama msichana.

"Zima!" akaita Mistari. "Yatosha!"

Nikazima. Mama akanigeukia.

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, Mama."

"Haya," akasema, na uso ukamshuka. Akavua kitambaa, akakikunja, akakirudisha mkobani. Nilidhani kelele zimemchosha. Nilimletea maji.

Jumamosi zilifuatana hivyohivyo. Mimi nawasha, Mama anavaa, nazima, Mama anavua. Kusogeza gari hakukuwezekana, kwa sababu mimi sijui kuendesha na Mistari alisema afadhali matairi yaote makalio kuliko yeye kumtikisa mkwe wake akiwa chumbani. Na likizo ikawa inakaribia. Ndiyo likizo aliyokuwa amepanga twende milimani, kwenye kona yenye lile jiwe. Haikuwa safari ya kuahirisha hivihivi. Daktari wa macho alikuwa amempima akamwambia ukweli: mwaka huu endesha mchana, mwakani sikuahidi kitu. Kama asingekwenda sasa, angekwenda lini? Na akienda baadaye akiwa abiria asiyeona vizuri, angeona nini?

Ninajua mume wangu anavyohuzunika. Hasemi, anachora. Alipaka upya mstari wa viatu. Akapaka upya wa ndoo. Akapaka kivuko changu kikang'aa mpaka nikaogopa kukikanyaga. Alipoanza kupima ukuta wa jikoni kwa jicho nilimpokonya brashi.

"Mzee, zungumza."

"Hatuendi," akasema. "Mwaka huu tupumzike tu."

"Hatuendi kwa nini? Mwambie Mama arudi chumbani wiki moja tu!"

"Nimwambie mkwe wangu ahame? Kwa mdomo gani?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Ukimwambia wewe atajua nimekutuma mimi. Mama wa watu amepata usingizi, kwa ajili ya jiwe nikamtoe?" Akafuta mikono kwenye suruali. "Wewe mpelekee habari njema tu. Mwambie akae kwa raha, gari haliendi popote. Asiwe na wasiwasi."

Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa mtu mwema na mtu mwema hagombezeki. Nikapita kwenye kivuko changu, nikapanda garini. Yeye alijikunyata nyuma ya tairi akijifanya anakagua upepo. Mama alikuwa kwenye kiti cha mbele, mkoba mapajani.

"Mama," nikasema, "mkweo anasema ukae kwa raha zako. Gari haliendi popote."

Mama akanitazama kama nimemwambia nyumba imeungua.

"Haliendi?"

"Haliendi. Usiwe na wasiwasi."

"Likizo hii haliendi?"

"Ndiyo, Mama. Ulale tu."

"Nani kasema nataka kulala?" Sauti ilikuwa ile ya dirishani, ile iliyokuwa inapenya kelele za kituo kizima. "Mimi nimekaa humu siku zote hizi kwa sababu gani? Nililetwa hapa nikasikia kuna gari linalosafiri likizo. Nikajiuliza, je, likiondoka mimi nipo chumbani nimelala? Watoto wataniaga kwa mkono? Nikasema hapana. Nikahamia humu nisije nikaachwa!"

Nikaketi kwenye kiti cha dereva.

"Kila Jumamosi navaa," akaendelea. "Gari linawaka, nasema leo ndiyo leo. Wewe unazima. Nikasema labda wanalijaribu. Nikasema labda mkwe wangu anangoja niombe, nami nitaombaje? Kupewa kitanda kizuri namna hii halafu niombe na safari? Mtu asiwe na haya?" Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akijipangusa kwa ncha ya kitambaa kipya. "Nimekata tiketi mpaka kidole kikaota sugu. Hata basi la kwenda mji wa jirani sijawahi kulipanda kwa kutembea tu. Nilipanda kwenda misibani."

Nami nikalia pia, sina haja ya kuficha. Kutoka chini ya gari tukasikia mtu akipenga kamasi.

"Mwambie mkwe wangu atoke huko," Mama akasema.

"Mzee, toka huko."

Akatoka, vumbi magotini, macho kwenye viatu. "Mwambie Mama," akaniambia, "kwamba hata mimi natamani tuondoke kesho. Ila mwambie, kile ni chumba chake. Siwezi kuingia."

Nilifungua kinywa kumfikishia Mama lakini alikuwa ameshasikia, na nadhani posta ilikuwa imemchosha.

"Huko nyuma, pazia likifungwa, ni chumba changu," akasema. "Huku mbele ni basi. Tangu lini dereva wa basi akawa na mkwe? Dereva ana abiria."

Mistari akanyanyua macho. Alifikiri kwa muda mrefu, maana yeye neno la namna hiyo halichukulii mzaha. Halafu nikaona wazo linamjia, likapanda kutoka kwenye viatu mpaka kwenye paji la uso. Akaenda stoo kwa kasi ambayo sikuwa nimeiona tangu astaafu, akarudi na kopo la rangi nyeupe, brashi, na ubao ulionyooka.

"Mwambie Mama asogee mbele kidogo," akasema.

Akiwa amesimama nje, nusu ya mwili tu ndani, akachora mstari sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, kutoka ukuta mpaka ukuta. Mstari mzima, usiokatika. Mtu yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya usukani anajua maana yake: huvuki. Akaupuliza ukauke, akaujaribu kwa kidole, akaukanyaga kwa macho kwanza. Kisha mume wangu akapanda kwenye gari lake mwenyewe, akaketi kwenye kiti chake, akashika usukani kama mtu anayeshikana mikono na rafiki aliyepotezana naye. Fundi viatu alikuwa getini muda wote huo, na alipiga makofi.

Mipango ya kulala ilikuwa rahisi. Mama kitandani, sisi wawili kwenye hema kando ya gari. Mimi ndiye pekee niliyeruhusiwa pande zote mbili za mstari, nami nilijivunia cheo hicho kupita kiasi. Tukajaza tangi, tukachomoa matambara ya panya, tukapanga vyombo. Kaka yangu akaachiwa nyumba na kuku. Aliahidi kuwalisha, tena akaahidi akiwa amesimama.

Asubuhi ya kuondoka jirani wote walitoka. Mkate ukanguruma, ukaruka kidogo kwa yale matairi yaliyokaa sana, ukaondoka kwenye mistari yake ukifuata mshale. Mama alikuwa mbele kando ya dereva, mimi katikati kwenye kigoda chake. Tulipofika getini fundi viatu akasogea dirishani.

"Safari njema, Mama!"

Mama akanigeukia haraka, akaninong'oneza, "Mtu akiambiwa hivyo, anajibu nini?"

"Anasema asante."

"Tu?"

"Tu."

Akatoa kichwa nje. "Asante!" akapaza sauti. "Asante! Asante!" Aliwaambia majirani, akawaambia wapita njia wasiomjua, akamwambia na mtu wa baiskeli ambaye hakuwa amesema neno.

Tuliifikia kona mchana, jua liko wazi na macho ya Mzee yanafanya kazi. Akapunguza mwendo. Jiwe lilikuwa palepale, kubwa kuliko nilivyolifikiria, na mistari yake ilikuwa bado inaonekana, imefifia lakini imenyooka. Akasimamisha gari pembeni, akashuka, akatembea mpaka pale rangi yake ilipokutana na ya wale wengine. Haikukutana. Yao ilikuwa imepotea kando kiasi cha kiganja. Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Walikuwa wanakuja wanayumba!" akaniita nije nione. "Njoo uone aibu hii!"

Akarudi, akakaa, akawasha, ila hakuondoka. Mikono ilikuwa kwenye usukani, macho kwenye jiwe. Nikamwacha. Nilijua anachoogopa: kwamba nyuma ya jiwe pengine hakuna kitu, ni lami tu.

"Dereva," Mama akasema, bila kupitia kwangu. "Abiria tumekaa."

Akaondoa mguu kwenye breki, tukazunguka jiwe. Barabara ikashuka bondeni, na chini kabisa kulikuwa na mji, mabati yanametameta, mto umepita katikati, basi dogo linaingia kituoni likiacha vumbi. Mama akashika dashibodi. Akalitaja jina la mji ule kwa sauti yake ya kazini, na saa ya basi la asubuhi, na la jioni.

"Nimewapeleka watu wengi huku," akasema polepole. "Kumbe pako hivi."

"Hata mimi sikujua, Mama," mume wangu akamjibu, akimtazama usoni.

Mama akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akampa. Alipomaliza kupangusa macho akamrudishia, Mama akakikunja vizuri, akaukumbatia mkoba wake.

"Haya, dereva," akasema. "Nishushe pale kituoni. Nataka kushuka."